Namna ya Kuchagua Vitasa vya Milango ya Ndani Wakati wa Kukarabati Nyumba

Katika ukarabati wa nyumba, vitasa vya milango ya ndani huachwa mpaka mwisho. Fedha nyingi zimekwisha kwenda kwenye vigae, mabomba na rangi, na fundi seremala humwambia mwenye nyumba maneno machache tu: "Leta vitasa saba." Mwenye nyumba huenda dukani, Kariakoo au kwingineko, akasimama mbele ya ukuta uliojaa vitasa vinavyong'aa, akachagua kwa macho. Vinapofungwa ndipo inapogundulika kwamba tundu la kitasa cha zamani limechungulia pembeni mwa kipya, kwamba ufunguo unagonga chuma badala ya kuingia tunduni, au kwamba vidole vinakwaruzwa na fremu kila mlango unapovutwa. Kitasa chenyewe huenda hakina kasoro yoyote. Kilichokosewa ni utaratibu wa kuamua, kwa kuwa umbo na rangi vimetangulizwa ilhali mlango ulikwisha kuamua mambo mengi kabla ya mtu kuingia dukani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mlango, unapita kwa watu watakaoutumia na kazi ya kila chumba, unafika kwenye madini, na rangi inakuja baadaye kabisa. Mifano yake imetoka zaidi Dar es Salaam na pwani kwa jumla, ambako hewa ya chumvi haimwachi mtu achague chuma chochote atakacho. Anayekarabati nyumba Dodoma au Arusha atakuwa na uhuru mkubwa zaidi katika madini, lakini vipimo ni vilevile.

Mlango umekwisha kuamua nini

Kabla ya kwenda dukani, ng'oa kitasa kimoja cha zamani kizima. Fungua skrubu za mikono yote miwili, toa kichuma cha mraba kinachoiunganisha kupitia mlango, kisha fungua skrubu mbili za ubavuni mwa mlango na uvute boksi la kitasa taratibu mpaka litoke kwenye shimo lake. Likiwa limekaa juu ya meza, utaona kwamba kile tunachokiita kitasa ni vitu viwili vinavyoweza kununuliwa mbalimbali: boksi lililofukiwa ndani ya mbao, lenye ndimi na springi, na mikono iliyo nje, ambayo ndiyo macho huiona. Jambo hili peke yake linaweza kupunguza gharama ya ukarabati. Ikiwa ulimi wa boksi unarudi kwa nguvu unapousukuma kwa kidole na ufunguo unazunguka bila kukwama, hakuna sababu ya kulitupa. Nunua mikono mipya inayolingana nalo, na fundi hatalazimika kuchimba mlango upya.

Neno "inayolingana" ndilo linalohitaji futi kamba, au bora rula ya chuma, na vipimo vinne vilivyoandikwa kwa milimita badala ya inchi za kukisia. Cha kwanza ni unene wa mlango. Milango ya flashi, yaani yenye uso bapa usio na paneli, ya kiwandani mara nyingi huwa na milimita 35 hadi 40, na ile ya mninga au mkongo iliyotengenezwa na seremala huweza kufika 45 au kuzidi, hasa ikiwa mbao zake hazikupigwa randa sana. Kichuma cha mraba na boliti zinazokuja ndani ya pakiti ya dukani hukatwa kwa ajili ya milango ya unene wa kawaida, hivyo mwenye mlango mnene anapaswa kuuliza mapema kama kuna kichuma kirefu zaidi, kwa sababu kichuma kinachoingia kidogo tu kwenye mkono huuacha ukicheza, na baada ya muda hulitanua tundu lake.

Cha pili ni umbali kutoka ukingo wa mlango mpaka katikati ya tundu la kichuma cha mraba. Kwenye vitasa vya mtindo wa Kiingereza umbali huu huwa kama milimita 44 au 57. Vya Kijerumani hupenda 55. Na vya Kimarekani huwa 60 au 70. Umbali mfupi unafaa kwa kitasa cha mkono, kwa kuwa kiganja hukaa mbali na fremu, lakini haufai hata kidogo kwa kirungu cha duara, kwa kuwa mtu akikishika vifundo vya vidole vyake huingia moja kwa moja kwenye ukingo wa fremu. Anayetaka virungu na ana mlango uliochimbwa kwa milimita 44 abadilishe nia au abadilishe mlango.

Cha tatu ndicho kinachowaumiza wengi, nacho ni umbali kutoka katikati ya tundu la kichuma mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Boksi la kawaida la Kiingereza lenye ufunguo wa leva (vibao vidogo vya ndani ambavyo ufunguo huviinua) huwa na milimita 57, na la Kijerumani la milango ya ndani huwa na 72. Mikono iliyoungwa kwenye bamba refu ina tundu la ufunguo lililokwisha kutobolewa kiwandani, na hakuna fundi atakayelisogeza kwa milimita 15 bila kuharibu bamba. Nyumba nyingi za zamani za mijini kwetu zilifungwa vitasa vya mtindo wa Kiingereza, ilhali madukani leo bidhaa za mitindo yote hukaa rafu moja, mara nyingine kwenye pakiti zinazofanana. Ndiyo maana ushauri wa kubeba boksi la zamani ndani ya mfuko na kuliweka juu ya kaunta ya muuzaji una thamani kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Cha nne ni unene wa kichuma cha mraba: kipimo kilichoenea ni milimita 8, lakini vipo vya 7, ambavyo ni vya kawaida Ufaransa, na mkono wa 8 ukivishwa kichuma cha 7 utalegea tangu siku ya kwanza.

Sasa litazame lile alama lililoachwa na kitasa cha zamani kwenye uso wa mlango. Hapa ndipo ukarabati unapotofautiana na ujenzi mpya. Mitindo ya sasa hupenda mikono iliyokaa juu ya visahani vidogo vya duara au vya mraba badala ya bamba, vyenye upana wa kama milimita 50, na kwa hakika ni vizuri machoni. Hata hivyo, bamba la zamani lilifunika eneo refu zaidi ya mara tatu ya hapo, na likiondolewa huacha matundu manne ya skrubu, tundu la ufunguo lisilo na kazi, na kivuli cha mbao zenye rangi tofauti kwa sababu hazikuona mwanga kwa miaka. Mlango ambao utapakwa rangi ya mafuta unaweza kuzibwa kwa vipande vya mbao na gundi, ukapigwa msasa, na hakuna atakayejua. Mlango wa mninga unaobaki na vanishi hausamehi. Kivuli kitaonekana mpaka uso mzima ukwanguliwe. Kwa milango ya namna hiyo mimi ningechagua bamba refu jipya, lenye urefu na upana unaozidi kidogo la zamani, bila kuona kwamba nimekubali kitu cha pili kwa ubora. Ikiwa shimo la boksi nalo lazima libadilishwe, lijazwe kwa kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa, kisha lichimbwe upya. Puti haishiki skrubu.

Kwa milango mipya mambo ni mepesi, mradi seremala ajue kitasa kabla hajapima mbao. Mlango wa paneli hujengwa kwa mbao mbili za wima na mbao kadhaa za kulala, na ule ubao wa kulala wa katikati huingia kwenye wa wima karibu na urefu uleule ambao kitasa hutakiwa kukaa. Fundi akichimba shimo la boksi mahali hapo, atakuwa amekata kiungio kinachoubeba mlango, na baada ya misimu michache ya mvua mlango utaanza kulegea kiunoni. Mwambie aushushe au aupandishe ubao wa katikati, na aupe ubao wa wima upana usiopungua milimita 100 ili boksi lizungukwe na mbao za kutosha. Mlango wa flashi una tahadhari yake: ndani ni mtupu au una vipande vya kujazia, na kipande kigumu cha kubebea kitasa mara nyingi huwekwa upande mmoja tu. Gonga kwa kifundo cha kidole na usikilize, au tafuta alama ya kiwandani kwenye ukingo, kabla ya kuamua bawaba zikae wapi.

Kuhusu urefu kutoka sakafuni, kati ya sentimita 90 na 105 ni mahali pazuri kwa watu wengi. Katika ukarabati kuna mtego mdogo hapa: vigae vipya vikiwekwa juu ya sakafu ya zamani, pamoja na gundi yake, sakafu hupanda, milango hukatwa chini, na kitasa kilichokuwa mahali pake hujikuta kimeshuka. Ikiwa milango ni ya kuchimbwa upya, pima urefu kutoka kwenye kigae kilichokwisha kukauka.

Mkono utakaokishika

Kati ya kitasa cha mkono na kirungu cha duara, hukumu yangu ni ya wazi: kwa milango mingi ya ndani, mkono. Kirungu hudai kiganja kikavu na kifundo cha mkono kinachozunguka bila maumivu. Mzee mwenye baridi yabisi, mama aliyebeba mtoto, mtu aliyetoka jikoni na mafuta vidoleni, wote hukifungua kitasa cha mkono kwa kukisukuma chini, hata kwa kiwiko. Jiji la Vancouver nchini Kanada lilibadilisha kanuni zake za ujenzi kwa sababu hiyo, na tangu mwaka 2014 nyumba mpya hapo hutakiwa kuwa na vitasa vya mkono. Nchini Marekani nako, viwango vya majengo kwa ajili ya watu wenye ulemavu hutaka kitasa kifunguke kwa mkono mmoja bila kukamata kwa nguvu wala kuzungusha kifundo.

Kirungu hakikosi mahali pake. Mtoto wa miaka miwili hujifunza upesi kuning'inia kwenye kitasa cha mkono mpaka mlango ufunguke, na paka wengine pia hufanya hivyo. Stoo yenye mafuta ya taa, dawa za wadudu au vifaa vya umeme ni bora iwe na kirungu, au iwe na ufunguo unaokaa juu mbali.

Umbo la mkono lina jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mkono ulionyooka na kuishia hewani hunasa nguo, na nguo za pwani ni za kunasika: mkono wa kanzu, pindo la baibui, ncha ya khanga, mshipi wa mkoba. Anayepita mlangoni haraka huvutwa nyuma, nguo ikachanika au mkono wa kitasa ukapinda. Chagua mkono ambao ncha yake imekunjwa kurudi kuelekea mlangoni, ikaacha nafasi ndogo tu. Na kwa kuwa kitasa hukaa usawa wa uso wa mtoto anayekimbia ukumbini, pita kidole kwenye kona zake. Ile mikono ya mraba yenye kingo kali inavutia dukani lakini mimi nisingeiweka kwenye nyumba yenye watoto.

Dukani, omba kitasa kitolewe kwenye ubao wa maonyesho na ukishike kama mtu anayefungua mlango. Vidole vinne viingie nyuma ya mkono bila kubanwa. Kisha ushushe mkono na uuachie ghafla: unapaswa kurudi juu wenyewe na kusimama sawasawa. Baadhi ya mikono ina springi ndani ya kisahani chake, na mingine haina kabisa, ikitegemea springi ya boksi lililo mlangoni. Mkono mrefu na mzito usio na springi, ukifungwa kwenye boksi la zamani lililozoea virungu au mikono myepesi, utaanza kuinama baada ya miezi michache, na mlango wenye kitasa kilichoinama huonekana umechakaa hata kama rangi yake ni mpya. Ukiamua kubaki na boksi la zamani, uliza swali la springi kabla ya swali la bei.

Kila chumba na kazi yake

Kwetu ni mazoea kila mlango wa ndani uwe na ufunguo, na mazoea hayo yana sababu zake katika nyumba zenye wapangaji, wageni na wasaidizi wa kazi. Hata hivyo, si lazima yafuatwe kila mahali. Mlango wa jikoni na wa sebuleni huhitaji ulimi wa kuubana tu. Ufunguo wake hupotea mwaka wa kwanza na tundu lake hubaki likipitisha vumbi.

Chumba cha kulala hupewa boksi la leva mbili au tatu. Ni vizuri kujua kwamba leva chache maana yake ni funguo chache zinazotofautiana, na si ajabu ufunguo wa chumba cha wazazi ukafungua cha wageni. Ukinunua vitasa kadhaa vya aina moja, simama hapohapo kaunta ujaribu kila ufunguo kwenye kila boksi, na urudishe vinavyofunguana. Muuzaji atakunja uso kidogo, lakini atavumilia. Usitarajie pia kwamba kitasa cha ndani kitamzuia mwizi. Fedha ya kuongeza leva au silinda nzito itumike kwenye mlango wa nje na geti, ambako ina kazi.

Bafuni na chooni ni mahali pa kufikiri zaidi. Ufunguo hapo ni hatari kwa sababu mtoto huufunga akiwa ndani, akaogopa, akashindwa kuurudisha, na ukiwa umeachwa tunduni kwa ndani wa nje hana la kufanya ila kuvunja. Kipo kitasa kilichotengenezwa kwa ajili ya bafu, chenye kitufe cha kuzungusha kwa ndani na mfuo mdogo kwa nje unaoweza kuzungushwa kwa sarafu au bisibisi wakati wa dharura. Hicho ndicho cha kununua, na si kwa ajili ya watoto peke yao; mzee akiteleza akaanguka bafuni, kila dakika ya kuvunja mlango ni ndefu. Angalia tu kwamba boksi lake nalo ni la bafu, kwa kuwa tundu la kitufe ni la mraba mdogo na haliingiliani na boksi la ufunguo. Kwa chumba cha mzee au mgonjwa ningetumia kitasa hikihiki.

Mlango wa mabawa mawili, kama ule wa kwenda kwenye veranda ya ndani, unahitaji kitasa kamili upande mmoja tu. Bawa lingine hupewa mkono usio na boksi pamoja na makomeo ya juu na chini. Kwa kila mlango andika pia unafungukia upande gani na bawaba ziko kushoto au kulia, kwa sababu mikono iliyopinda ina ya kushoto na ya kulia. Mingi hugeuzwa kwa kufungua skrubu ndogo, na ulimi wa mshazari wa boksi nao huweza kupinduliwa, lakini si yote.

Madini na hewa ya bahari

Vitasa vingi vya bei ya chini na ya kati hutengenezwa kwa aloi ya zinki yenye alumini kidogo, inayomiminwa kwenye kalibu na kupakwa nikeli au kromu. Hazina ubaya zikikaa mahali pakavu. Pwani, hata hivyo, ngozi ile ya kromu ikipata mkwaruzo mmoja, unyevu wa chumvi huingia chini yake, zinki huanza kuoza na kuacha unga mweupe, na juu hutokea malengelenge yanayobanduka na kukwaruza kiganja. Hakuna dawa ya kulirudisha hilo, kitasa hubadilishwa.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu ile nyekundu, lakini ni laini, na mkono mwembamba wa alumini hupinda. Inafaa kwa stoo na kwa nyumba ya kupangisha ambako vitasa hubadilishwa mara kwa mara. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi sikipendekezi mahali popote pwani.

Chuma cha pua ndicho chaguo la wengi, na ni chaguo zuri, ila kina daraja zake. Daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, hutosha ndani ya nyumba nyingi. Nyumba inayoitazama bahari, ambako madirisha hukaa wazi na upepo wa kusi hupuliza moja kwa moja mpaka ukumbini, itaona madoa ya kahawia kwenye 304. Hayalegezi chuma, lakini yanachukiza, na dawa yake ni kupanguswa mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo ya chumvi au kununua daraja la 316, ambalo limeongezwa molibdeni kama asilimia 2 kwa ajili ya kukabili chumvi. Adui mwingine wa chuma hiki yumo ndani ya nyumba yenyewe: jiki na dawa nyingine za klorini. Anayesafisha bafu kwa jiki na kuupitisha mlangoni mkono uleule hukiharibu kitasa kizuri kwa mikono yake, kwa hiyo kioshwe kwa sabuni ya kawaida na kikaushwe.

Shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ni ya zamani zaidi na kwa maoni yangu ndiyo inayozeeka kwa heshima kuliko zote. Haioti kutu; hugeuka rangi tu, ikawa ya kahawia iliyokolea mahali pasiposhikwa na ya kung'aa mahali vidole vinapopita. Ina sifa nyingine isiyoonekana: madini ya shaba huua vijidudu vingi vinavyokaa juu yake, na mamlaka ya mazingira ya Marekani iliyasajili kwa sifa hiyo mwaka 2008. Vitasa vingi vya shaba huuzwa vikiwa na tabaka la vanishi angavu, nalo huizuia shaba isiguse hewa wala kiganja. Vanishi hiyo hubanduka kwa mabaka, na hapo mwenye nyumba ana njia mbili: kuiondoa yote na kukubali shaba ibadilike, au kuiondoa na kuing'arisha shaba mara kwa mara. Ndimu na chumvi, dawa ya bibi zetu, hufanya kazi vizuri kwenye shaba tupu mradi isuuzwe na kukaushwa mara moja, lakini haifai kitu juu ya vanishi.

Namna ya kutambua madini dukani bila kumtegemea muuzaji si ngumu. Beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu, ni chuma cha kawaida. Isiponata, inaweza kuwa shaba, zinki, alumini au chuma cha pua cha daraja hizo mbili, na hapo uzito husaidia: kwa ujazo uleule shaba ni nzito kuliko zinki, chuma cha pua kinaifuata shaba kwa karibu, na alumini ni kama theluthi moja ya uzito wa shaba. Kumbuka lakini kwamba mkono mtupu ndani unaweza kudanganya kiganja. Geuza kisahani na utazame upande wa nyuma ambao haukupakwa; rangi ya manjano ni shaba, na kijivu hafifu chenye alama za kalibu ni zinki.

Vitasa vilivyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1906 huwa na safu ya tarakimu nane kwenye pakiti yake. Mbili zinamhusu mwenye nyumba. Ya pili huonyesha ustahimilivu: 6 maana yake kimejaribiwa kwa kufunguliwa mara 100,000, na 7 mara 200,000, kwa nyumba ya kuishi 6 inatosha kabisa. Ya sita huonyesha kukabili kutu katika ukungu wa chumvi: daraja la 3 ni saa 96 na la 4 ni saa 240. Kwa pwani nisingeshuka chini ya 3. Ikiwa pakiti haina maandishi yoyote ya namna hiyo, mtu ategemee macho, sumaku na sifa ya duka.

Na usisahau skrubu. Kitasa cha chuma cha pua kilichofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida kitatiririsha kutu juu ya rangi mpya kabla ya mwaka kuisha.

Rangi na umbo

Hapa maneno ni machache, kwa kuwa macho ya mtu ni yake. Chagua rangi moja kwa ukumbi na vyumba vyote vinavyoonekana kutoka hapo, na bawaba zifanane nayo kama inawezekana. Uso usiong'aa sana huficha alama za vidole na mikwaruzo kuliko kromu inayong'aa kama kioo. Nyeusi iko kwenye mtindo sasa. Iliyopakwa kwa rangi ya kawaida huchubuka mahali pa kidole gumba na funguo, kwa hiyo jaribu kuikwaruza kwa ukucha upande wa nyuma kabla ya kulipa.

Kununua na kufunga

Nunua kimoja kwanza. Kifungwe kwenye mlango unaotumika zaidi, watu wa nyumbani wakitumie kwa siku kadhaa, wazee na watoto kwa pamoja, na malalamiko yao yasikilizwe. Kisha rudi dukani na daftari lenye mstari mmoja kwa kila mlango: jina la chumba, unene, umbali ule wa ukingoni, umbali wa tundu la ufunguo, upande wa bawaba na kazi ya kitasa. Nunua vyote kwa mara moja na uongeze kimoja cha akiba, kwa sababu mtindo uliopo leo hutoweka sokoni bila taarifa.

Kufunga kufanyike baada ya koti la mwisho la rangi kukauka. Kitasa kilichozungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi wakati wa kupaka rangi hubaki na ukingo mchafu usiotoka. Kabla ya hapo, mlango wenyewe uwe umenyooka: ukilala kwa sababu bawaba ya juu imelegea, ulimi hautalifikia tundu la fremu, na kitasa kipya kitalaumiwa bure. Kwa mlango wa mbao unaofungwa wakati wa kiangazi, acha nafasi ya kama milimita 3 kati yake na fremu, kwa maana masika itaivimbisha mbao.

Ukiweza, chagua mikono inayokazwa kwa boliti zinazopita mlango mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, badala ya skrubu fupi za mbao. Kwenye mlango wa flashi hili ni la lazima, kwani skrubu fupi hushika ubao mwembamba wa juu tu na kung'oka nao. Fundi asilazimishe boksi kwa nyundo ndani ya shimo lililobana, wala asikaze boliti mpaka mwisho kwa mara moja. Boksi likibanwa ubavuni, mkono huwa mgumu kurudi. Akaze kidogo, ashushe mkono, azungushe ufunguo, kisha akaze tena, na yote haya mlango ukiwa wazi, kwani kitasa kikigoma mlango ukiwa umefungwa mtu hubaki ndani.

Ulimi ukikwama, kwangua risasi ya penseli na uupake unga wake. Mafuta ya kupikia hukusanya vumbi na kugeuka gundi. Ile bisibisi ndogo ya pembe sita inayokuja ndani ya pakiti ihifadhiwe pamoja na kitasa cha akiba, na baada ya mwezi mmoja wa matumizi pita mlango kwa mlango ukaze tena vile viskrubu vidogo vilivyo chini ya kila mkono, kwani mkono mpya hulegea kidogo mbao na chuma vinapozoeana.